Mianya ya Mawe ya Baba

Dettenbach, 4 Aprili 2019

Mdogo wangu Eberhard,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu. Mimi sijambo, ukiacha yale ya umri ambayo hayana dawa. Mwanangu Volker na mkewe Silke ni wazima, na watoto wao wamerefuka hadi shingo inaniuma nikiwatazama. Jirani Häfele amenunua ule mtungi wa gesi wenye mdomo wa moto wa kuchomea magugu. Jumamosi iliyopita alichoma magugu matatu pamoja na uzio wake wote wa miti, mita kumi na mbili. Zimamoto walikuja na magari mawili. Tangu siku hiyo mkewe hasemi naye, anampikia tu.

Na wewe je, masikio yanaendeleaje? Nisingehangaika na kalamu kama ungekuwa unasikia kwenye simu. Mara ya mwisho nilikuuliza habari ya shinikizo la damu ukanijibu kwamba upepo unatoka magharibi.

Sasa neno lenyewe. Uwanja wa mbele umenishinda. Mawe aliyotandaza Baba bado yapo vilevile, hakuna hata moja lililocheza, lakini mchanga wa kwenye mianya umeoshwa na mvua, kilichobaki ni udongo, na kila mwanya una gugu lake. Nang'oa Jumamosi, Jumatano yamerudi. Hilo ningelivumilia. Lakini Volker ameingiwa na wazimu. Unamjua, kazi yake kukagua lifti, sasa amehamia kunikagua mimi. Anasema nyumba imenizidi, nihamie nyumba ya wazee kule Reutlingen, na ameshaniletea kijitabu chenye picha za vikongwe wanaocheka. Tulibishana hadi supu ikapoa. Mwisho tukapeana mikono: siku ya Sikukuu ya Mavuno, Jumapili ya kwanza ya Oktoba, atapita uwanja mzima. Akikuta gugu hata moja, naandikisha jina langu. Asipolikuta, nabaki nyumbani kwangu hadi nitolewe nimelala kwenye sanduku, na yeye hafungui mdomo tena.

Silke ananishauri nimwage siki na chumvi. Kwenye mawe ni marufuku, na mke wa Häfele yuko dirishani tangu saa kumi na mbili asubuhi, sasa hana tena hata uzio wa kumzuia kuona. Kwa hiyo nakuuliza wewe uliyetandaza mawe miaka arobaini: mianya niijaze nini? Mchanga wa kawaida, chenga za mawe, au huo mchanga wa gundi wanaoutangaza kila mahali? Nijibu haraka, msimu haungoji.

Jambo la pili ni kigoda cha Baba, kile cha mguu mmoja cha kufungia kiunoni. Baada ya mazishi yake ulisema unakiazima wiki moja. Ni miaka kumi na tisa sasa. Nakihitaji.

Kibao cha wiki ya kufagia bado ninacho. Unakumbuka Mama alivyokuwa akikihamisha Jumamosi kutoka mlango wako kwenda wangu? Kikining'inia kwako, zamu ya kufagia uwanja ni yako, hakuna kesi. Siku hizi kinakaa mlangoni kwangu mwaka mzima, maana hakuna wa kumpelekea.

Dada yako,
Lore


Husum, 2 Mei 2019

Dada Lore,

Barua yako ilifika, ahsante. Huku mvua, upepo, mvua. Mimi mzima. Jana wametupikia samaki tena, na viazi vya kuchemsha. Nimemcheka Häfele hadi mtu wa chumba cha pili akagonga ukuta.

Kuhusu mianya: tumia mchanga wa gundi. Unaufagia ndani, unaumwagilia maji, unakauka unakuwa mgumu, magugu hayapati pa kushika. Ukishamaliza umemaliza, hupigi tena magoti. Volker anaweza kukununulia mifuko sita au saba.

Kigoda sijui kiko wapi. Nadhani kilipotea nilipohama.

Na hiyo nyumba ya Reutlingen, si vibaya ukaenda kuitazama tu. Kutazama hakuumi.

Nduguyo,
Eberhard


Dettenbach, 9 Mei 2019

Eberhard,

Salamu. Wote wazima. Paka wa Häfele amezaa juu ya gunia langu la mboji, watano, wote wa rangi ya chungwa.

Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta mahali ulipoandika kwamba unatania. Hivi wewe umekuwa nani? Mchanga wa gundi, kwenye mawe ya Baba? Baba aliyalaza juu ya kokoto tupu, bila saruji hata kijiko. Gari la posta likipita, yanashuka kidogo na kupanda kidogo, na ndiyo maana yamedumu zaidi ya miaka sitini. Ukiyafunga kwa kitu kigumu, kitapasuka baridi ya kwanza tu, na magugu yatapita kwenye nyufa ambazo huwezi kuingiza hata kisu. Nilijua hayo nikiwa na miaka tisa, nikimbebea Baba ndoo. Wewe una cheti cha ufundi kimewekwa kwenye fremu!

Tena, eti ulihama. Ulihama lini? Na ni akina nani hao "wametupikia"? Tangu mkeo Antje afariki ulikuwa ukila mkate na soseji peke yako jikoni, uliniambia mwenyewe. Huyo mtu wa chumba cha pili anayegonga ukuta ametoka wapi? Nyumba yako ilikuwa na bustani pande zote nne.

Nijibu kama fundi. Sina muda wa kuchezewa, wewe unajua kinachoningoja Oktoba.

Lore


Husum, 15 Juni 2019

Dada Lore,

Nimechelewa, nilikuwa na mafua. Sasa nimepona. Nilihamia mahali padogo zaidi, bustani ilikuwa kubwa mno kwa mtu mmoja, basi. Si habari ya kuandikia barua.

Narudia: mchanga wa gundi. Ufundi umebadilika tangu enzi za Baba. Siku hizi kuna aina zinazokubali kucheza kidogo pamoja na mawe. Kama huniamini, jaribu mita moja ya mraba karibu na mtaro, uone. Kwangua udongo wa zamani hadi kina cha vidole viwili, fagia mchanga ndani, nyunyiza maji kama ukungu, usimwage.

[ukurasa wa pili]

Nakuomba usiwe mbishi. Kupiga magoti kila Jumamosi si kwa mtu wa miaka sabini na sita, tena baada ya ule mkasa wa Machi, saa mbili nzima umelala kwenye mawe hadi mtu wa posta alipokuja. Ukiwa na watu wa kukuangalia sote tutalala usingizi.

Eberhard


Dettenbach, 20 Juni 2019

Eberhard,

Salamu hakuna.

Nieleze tu jinsi ilivyokuwa, ili ujue umefanya nini. Barua yako imefika asubuhi. Nimesoma ukurasa wa kwanza nikiwa nimesimama mlangoni, nikajisemea, haya, huenda kweli mimi ndiye niliyepitwa na wakati, ni fundi huyu, ni ndugu yangu. Mfuko mmoja Volker alikuwa ameshauleta. Nikakwangua mita moja karibu na mtaro, nikafagia, nikanyunyiza. Umande ulikuwa haujakauka vizuri. Adhuhuri mawe yote ya pale yalikuwa meupe pe, yana utando wa gundi usiotoka hata kwa brashi ya chuma. Mawe ya Baba! Mimi, binti wa fundi, nimefagia gundi juu ya mawe mabichi kwa sababu mdogo wangu ameniambia jaribu.

Kisha nikakaa nikasoma ukurasa wa pili.

Habari ya Machi sikumwambia mtu yeyote isipokuwa Volker, naye kwa sababu mtu wa posta alimpigia simu. Kwa hiyo mmekuwa mkiwasiliana. Kwa hiyo unajua kilichotokea: nilipiga magoti kung'oa, magoti yakagoma kunyanyuka, nikaona bora nilale kuliko kutambaa. Sikuvunjika kitu. Nilihesabu mawe ya Baba hadi mia tatu na kumi. Ungeniuliza mimi, ningekwambia, labda. Badala yake mkala njama, wewe na mwanangu, unipe ushauri mbovu ili Oktoba nishindwe.

Ungeniambia "Lore, nenda kwa wazee" ningekutukana na yangeisha. Lakini umenidanganya kwa jambo la mawe. Hilo ndilo lililoniuma.

Usiniandikie tena.

Lore


Husum, 18 Julai 2019

Dada,

Najua ulivyosema. Naandika hivyo hivyo. Volker aliniandikia mwezi Machi kwamba analia kwa ajili yako, nikamwahidi kumsaidia. Nilidhani nafanya jambo jema.

Hujambo lakini? Niandikie hata neno moja.

Eberhard


Husum, 22 Agosti 2019

Dada yangu Lore,

Wiki tisa hujajibu. Nimemuuliza Volker kama u hai, akasema u hai na umemfukuza na mifuko yake ya gundi. Nimefurahi, usimwambie.

Sasa nakwambia nilichokuficha, kisha ufanye utakavyo. Barua zako unazopeleka nyumbani kwangu posta wananiletea huku Deichweg 11, na hapa ni nyumba ya wazee. Nimo humu tangu Novemba. Hakuna aliyenilazimisha. Baada ya Antje nilikuwa nakaa jikoni siku nzima na koti mwilini, nikaona bora nisaini mwenyewe kabla ya kusainiwa. Watu hapa ni wema. Chakula cha jioni ni saa kumi na moja na nusu, jua bado liko juu. Volker aliponiomba msaada nilikubali upesi mno. Kama na wewe ungeingia nyumba ya wazee, basi na mimi ningekuwa nilifanya sawa. Hiyo ndiyo sababu, Lore, nyingine sina.

Chini ya dirisha langu kuna uwanja wa mawe, mkubwa, umejazwa gundi ngumu kila mwanya. Hakuna jani. Siku ya kwanza nilisema, kazi safi hii. Wiki ya tatu nilianza kutafuta ufa kila nikiamka. Julai hii nimeona jani moja limetoboa pembeni ya bomba la maji. Unajua nafanya nini? Kila asubuhi nashuka na kikombe changu cha kuswakia nalimwagilia. Mimi! Niliyewahi kumfukuza kazi mtu kwa kuacha nyasi kwenye kona! Muuguzi ameniona, akaniuliza kama nimechanganyikiwa, nikamwambia bado.

Sikiliza sasa, nakuandikia kama fundi.

Gundi iache kabisa. Mchanga wa kawaida nao uache: laini, unaoshwa, na sisimizi wanaupenda. Nunua chenga za jiwe jeusi, zile zilizosagwa, kuanzia vumbi hadi saizi ya punje ya mtama. Hazina rutuba, mbegu ikianguka humo haipati chakula, na kwa kuwa zina kingo kali zinashikana zenyewe bila gundi. Toa udongo wote wa zamani hadi kina cha vidole vitatu, usiuonee huruma mgongo wa Volker, mwite aje afanye. Ukibakiza udongo chini umepoteza kazi. Subiri siku kavu, mawe yawe makavu kabisa, umeona mwenyewe kinachotokea. Fagia kwa mshazari, usifuate mwanya, ukifuata unazitoa tena. Mwagilia, ziache zishuke, fagia tena. Rudia hadi mwanya ukatae kumeza. Masika ya kila mwaka ongeza kidogo. Magugu hayatakwisha, Lore, anayekwambia yatakwisha anakuuzia kitu. Yatakuwa machache, na yatang'oka kwa vidole viwili.

Yale mawe meupe karibu na mtaro, yang'oe uyageuze. Baba alikuwa akichonga pande zote mbili. Alisema mwenye nyumba akiharibu upande mmoja asiwe na haja ya kumwita tena.

Kigoda kimo kwenye kifurushi hiki. Hakikupotea. Nilipohamia humu waliniruhusu kitu kimoja cha samani, wenzangu wameleta makochi. Nilikuwa nakikalia dirishani. Jifunge mkanda kiunoni, kaa, egemea mbele, mguu ule mmoja unazunguka nawe. Magoti hayagusi chini.

Mdogo wako,
Eberhard


Dettenbach, 7 Oktoba 2019

Mdogo wangu Eberhard,

Salamu. Mimi sijambo, Volker hajambo ila mgongo, Silke anamkanda. Paka wote watano wamepata kwao, mmoja ni wangu. Häfele amepanda uzio mpya unaofika magotini, na mkewe ameanza kusema naye, kwa hiyo sasa ni yeye aliyenyamaza.

Sikukujibu kwa sababu bado nilikuwa na hasira. Hata leo ninayo kiasi, usijipongeze. Lakini kazi nilifanya kama ulivyoandika, neno kwa neno. Volker alikwangua Jumamosi nne, hadi kina cha vidole vitatu, nami nilikuwa nikipima kwa vidole vyangu. Alipobakiza udongo nilimrudisha. Chenga za jiwe jeusi zilikuja kwa tela. Tulifagia kwa mshazari, tukamwagilia, tukafagia tena, mara tano, hadi mianya ikakataa. Mawe meupe nimeyageuza. Upande wa pili ni mzuri kuliko wa kwanza, shenzi kabisa yule mzee, hakutuambia.

Na kigoda! Siku ya kwanza nilianguka nacho mara mbili, mke wa Häfele akafungua dirisha ili acheke vizuri. Siku ya tatu nilikuwa nazunguka uwanja mzima. Ule mguu umelika upande wa kushoto, maana Baba alikuwa akiegemea kushoto, na mimi sasa naegemea kushoto.

Jana ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Baada ya kanisa, Volker alivaa miwani, akaanza getini. Alienda polepole mstari kwa mstari, mikono nyuma, nilimchukia nusu saa nzima. Karibu na ngazi akainama. Akaokota, akatazama: kipande cha uzi wa kijani kutoka kwenye skafu ya Silke. Hakuna gugu, Eberhard. Hata moja. Alinyoosha mgongo akasema, "Umeshinda, Mama."

Nikasema haya, tule. Tulikula Maultaschen, vile vifuko vya unga vyenye nyama, kwenye mchuzi, na keki ya plamu. Halafu akaweka uma chini. "Sitalisema tena la Reutlingen, nimeahidi," akasema. "Lakini magugu hayakuwa shida yangu. Ulilala pale saa mbili nzima na hakuna aliyekusikia. Ungekuwa na mtu humu ndani, ningelala." Nikamkatia kipande kingine cha keki. Ni kweli. Nikiwa nimelala pale nilikuwa nimeita. Sikukuandikia hilo. Niliita jina lako, kama tulipokuwa watoto, na wewe uko kilomita mia nane, tena kiziwi.

Kwa hiyo usidhani nakuhurumia. Sikuhurumii hata kidogo, bado nakulaumu kwa yale mawe. Nahitaji mtu, na afadhali awe anayejua kufagia kwa mshazari. Chumba cha Mama cha kushonea kina jiko la kuni na dirisha linaloangalia uwanja. Chakula cha jioni ni saa moja, kama binadamu. Nimeshamwambia Volker akufuate na gari, na alikubali kabla sijamaliza sentensi.

Ukianza kuniandikia kwamba utafikiri, fungua kwanza kilichofungwa kwenye gazeti humu. Ni kibao. Kamba ni mpya, ile ya Mama ilikuwa imeoza. Kanuni ya nyumba hii unaijua: kikifika mlangoni kwako, zamu ni yako, hakuna kesi. Hata ulipougua surua ulifagia ukiwa na skafu kichwani. Kitundike kwenye mlango wako huko, wakione. Zamu yako inaanza Jumamosi ya tarehe 19, saa mbili asubuhi, na ufagio uko palepale.

Lile gugu lako la kikombe liache huko huko.

Dada yako,
Lore